Kisukari: Usidanganywe na kikopo cha kuyeyusha mafuta

Msomaji, ikiwa unaugua kisukari au una jamaa anayeugua, yamkini umeshaonyeshwa kile kikopo. Ndani yake mna unga au tembe, na nje pameandikwa kwamba hivyo ni vimeng'enya vya kuyeyusha mafuta mwilini. Unaelezwa kuwa mafuta yakishayeyuka, insulini itafanya kazi yake barabara na mgonjwa ataweza kuzitupa dawa za hospitali. Muuzaji akibanwa kidogo hutaja utafiti: panya wa maabara huko Marekani walifanyiwa jambo fulani kuhusu vimeng'enya vyao, wakakonda, na sukari yao ikatulia.

Utafiti huo upo. Si hadithi ya kutungwa, na ndiyo sababu watu wenye elimu zao huudhiwa daktari anapowaambia kwamba wamedanganywa. Lakini ukiusoma wenyewe, badala ya kusimuliwa na mtu mwenye bidhaa mkononi, utapata kwamba unasema karibu kinyume cha anachokisema. Naandika kwa sababu wanaoacha metformini kwa ajili ya kikopo hicho hurudi kwetu baada ya miezi michache sukari ikiwa imepita 20, wengine wakiwa wameshikwa mkono kwa sababu hawaoni vizuri njia.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi fulani ya kikemia mwilini. Vipo maelfu, na vinavyoshughulika na mafuta pekee ni vingi. Kuna vinavyovunja mafuta matumboni baada ya mtu kula nyama choma, kuna vinavyoyapokea kutoka kwenye damu, kuna vinavyoyaunga upya ili yawekwe akiba, na kuna vinavyoyachoma ili mwili upate nguvu. Kwa hivyo mtu akikuambia habari za "kimeng'enya cha mafuta" bila kukitaja ni kipi na kiko katika kiungo gani, ni sawa na mtu anayekutuma ukamtafute "yule askari wa Nairobi".

Insulini nayo ni homoni inayotolewa na kongosho. Baada ya chakula huiamuru misuli ichukue glukosi kutoka kwenye damu, na huliamuru ini lipunguze kutengeneza glukosi nyingine. Katika kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachowapata wengi wa watu wazima, insulini huwa ipo, hasa mwanzoni. Inabisha hodi na hakuna anayeitika. Kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi na zaidi, mpaka siku linaposhindwa. Swali lililowasumbua wanasayansi kwa miaka mingi ni hili: ni nini kinachoitia misuli na ini uziwi?

Mimi simo miongoni mwa wale wanaodharau utafiti wa wanyama. Ni mbwa aliyetuonyesha kwamba kisukari kinahusiana na kongosho, pale Joseph von Mering na Oskar Minkowski walipomtoa kongosho mjini Strasbourg mwaka 1889. Ni mbwa pia waliotumiwa na Frederick Banting na Charles Best mjini Toronto mwaka 1921, na mwaka uliofuata mgonjwa wa kwanza akadungwa insulini. Kisha mwaka 1963 Philip Randle na wenzake wa Uingereza, wakichunguza misuli ya panya, walionyesha kuwa msuli unaochoma mafuta kwa wingi hupunguza kutumia glukosi. Hapo ndipo watu walipoanza kushuku kwamba ugonjwa tunaouita kwa jina la sukari huenda una mkono wa mafuta ndani yake.

Kimeng'enya kilicholeta mwanga zaidi ni kile kiitwacho lipoproteini lipesi. Hukaa kwenye kuta za mishipa midogo kabisa ya damu, hunasa mafuta yanayopita, huyavunja na kuyapisha ndani ya tishu iliyo jirani. Ukitaka, kifananishe na manamba wa matatu: hachagui abiria aende wapi, ila steji aliyosimama ndiyo inayoamua. Kikiwa kingi kwenye tishu za mafuta, mafuta huingia akibani. Kikiwa kingi kwenye misuli, mafuta huingia misulini.

Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, pamoja na wenzao, walichapisha jaribio ambalo laiti ningekuwa na uwezo ningelibandika kwenye mlango wa kila duka linalouza vile vikopo. Walichukua panya waliorekebishwa jeni ili kundi moja liwe na kimeng'enya hiki kwa wingi kwenye misuli, na kundi jingine kwenye ini. Kundi la kwanza, mafuta yaliyo ndani ya misuli yaliongezeka mara tatu, na misuli ikawa kiziwi kwa insulini. Kundi la pili, mafuta ya ini yaliongezeka mara mbili, na safari hii kiziwi likawa ni ini. Kimeng'enya ni kile kile. Kilichotofautiana ni mahali kilipowekwa, na uziwi ukafuata mafuta yalikoelekea.

Tafadhali rudia kusoma hapo. Panya hao waliongezewa kimeng'enya kinachovunja mafuta, na wakapata hitilafu ile ile inayomwelekeza mtu kwenye kisukari.

Basi si afadhali kukiondoa? Watafiti wa Colorado walijaribu, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2009. Walikiondoa kimeng'enya hicho kwenye misuli tu. Misuli ikaanza kuisikiliza insulini vizuri kuliko awali, na hapo mtu mwenye haraka angeshaanza kuchapisha matangazo. Lakini mafuta yaliyofungiwa mlango wa misuli hayakutoweka. Yalitafuta kwingine, na kadiri siku zilivyopita panya hao wakanenepa, ini lao na tishu nyingine zikawa kiziwi.

Namna mafuta yanavyoleta uziwi huo bado wanasayansi wanajadiliana kuihusu, lakini wengi wanaeleza hivi: ndani ya seli ya msuli au ya ini, vijisehemu vya mafuta ambavyo havijachomwa wala kuhifadhiwa vizuri huvuruga ujumbe wa insulini kabla haujafika ndani. Hodi inapigwa, sauti inakatwa njiani.

Sasa nije kwa panya ambao mimi huwakumbuka kila mgonjwa anaponiambia, "Daktari, mimi nataka mafuta yote yatoke." Mwaka 1998 watafiti katika taasisi za afya za kitaifa za Marekani, huko Bethesda, walitengeneza panya ambao karibu hawakuwa na tishu za mafuta hata kidogo. Ukifuata maneno ya muuzaji wa kikopo, hawa wangekuwa panya wenye afya kuliko wote duniani. Walikuwa na kisukari kikali. Damu yao ilijaa mafuta, ini lao lilivimba kwa mafuta, na insulini yao ilikuwa nyingi mno bila faida. Mafuta yalikuwa yamekosa ghala, yakamwagwa popote yalipopata nafasi. Mwaka 2000 watafiti walichukua tishu za mafuta kutoka kwa panya wazima, wakawapandikizia panya hawa. Kisukari kikarudi nyuma.

Naam, waliponywa kwa kuongezewa mafuta. Lakini yaliongezwa mahali pake, ndani ya seli ambazo kazi yake ni kuyahifadhi, na yale ya kwenye ini na misuli yakapungua.

Sisi hapa Kenya tuliliona jambo hilo kwa binadamu bila kulitafuta. Wengi watakumbuka dawa ya virusi vya Ukimwi iliyoitwa stavudini, ambayo ilitumika sana miaka ya 2000. Iliokoa maisha, na hilo nisilisahau. Lakini baada ya muda baadhi ya waliokuwa wakiimeza walibonyea mashavu, mikono na miguu ikawa myembamba na mishipa ikajitokeza, huku wengine wakiota tumbo. Majirani walisema virusi vimewashinda, kumbe ni dawa iliyokuwa ikiharibu tishu za mafuta chini ya ngozi. Miongoni mwao walikuwamo waliopanda mafuta ya damu na sukari pia. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziiache hatua kwa hatua. Mtu aliyewahudumia wagonjwa hao hawezi tena kuamini kwamba kila gramu ya mafuta unayopoteza ni ushindi.

Ni kweli pia kwamba kuna majaribio yaliyoleta matumaini. Mmoja wa mabingwa wa jambo hili ni mtu wa kwetu, James Ntambi, mzaliwa wa Uganda aliyesomea Makerere na baadaye Johns Hopkins, na ambaye jina lake lilijulikana akiwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison. Yeye na wenzake walichunguza kimeng'enya kinachojulikana kwa herufi SCD1, ambacho hubadilisha mafuta magumu kuwa laini ili yaweze kuhifadhiwa. Mwaka 2002 waliripoti kwamba panya wasio na SCD1 walikula zaidi ya wenzao na bado wakabaki wembamba, tena wakawa wasikivu zaidi kwa insulini. Habari ya kusisimua, na nakiri nilifurahi kuona aliyeileta ni mwana wa Afrika Mashariki.

Lakini panya hao hao ngozi yao ilikauka, manyoya yakapukutika, macho yakawa na matatizo, na walipowekwa kwenye baridi kali walishindwa kuhifadhi joto la mwili. Ntambi na wenzake walipokiondoa kimeng'enya kwenye ngozi peke yake, jambo waliloliripoti mwaka 2009, panya walibaki wembamba vile vile. Yaani sehemu kubwa ya wembamba ule ilitokana na ngozi iliyovuja joto, mwili ukawa unachoma akiba yake ili usigande. Hiyo si tiba utakayomwandikia mama wa watoto watatu anayeishi Limuru.

Kuna kingine, DGAT1, ambacho hukamilisha kazi ya kuyaunga mafuta. Panya waliokikosa, walioelezwa mwaka 2000 na watafiti wa San Francisco, hawakunenepa hata walipolishwa mafuta mengi, na usikivu wao kwa insulini ulikuwa mzuri. Kampuni za dawa zilikimbilia kutengeneza kemikali za kukizuia. Moja ilipojaribiwa kwa watu, na matokeo kuchapishwa mwaka 2014, waliojaribu walipata kichefuchefu na kuendesha kiasi cha kutoweza kuvumilia kipimo kinachofaa. Kwa nini panya asiendeshe? Jibu lilikuwa limeanza kuonekana mwaka 2012, walipoelezwa watoto wa familia moja waliozaliwa na hitilafu ya DGAT1 na wakaharisha vibaya tangu utotoni. Matumbo ya panya yana kimeng'enya cha pili kinachoweza kushika zamu, na matumbo ya binadamu hayana. Tofauti ndogo hiyo, ambayo huwezi kuiona kwa kumtazama panya, ilitosha kuharibu mpango mzima.

Kwa maoni yangu, magazeti yetu, na hili likiwemo, yangefanya vyema kuandika neno "panya" kwenye kichwa cha kila habari inayohusu panya. Kuliweka aya ya tisa ni kumtega msomaji.

Turudi kwa kikopo. Vimeng'enya ni protini. Ukimeza protini, tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya yai. Haiwezi kutoka hapo nzima ikaenda kwenye kitambi chako. Madaktari tunazo tembe za vimeng'enya vya kongosho, zilizofunikwa kwa utando ili zipite tumboni salama, na tunawapa watu ambao kongosho lao limeharibika. Kazi ya lipesi iliyomo ni kumsaidia mgonjwa kusharabu mafuta ya chakula, kwa sababu bila hiyo yangepita yote chooni na yeye angedhoofika. Kwa maneno mengine, kama kikopo chako kweli kina lipesi, na kama kweli inafika inakotakiwa, itakusaidia kupata mafuta zaidi kutoka kwenye sahani yako.

Dawa halali inayogusa kimeng'enya cha mafuta na kumsaidia mnene kupunguza uzani ipo. Inaitwa orlistati, na hufanya kinyume: huizuia lipesi ya matumboni. Katika utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2004, uliowafuata watu wanene zaidi ya 3,300 kwa miaka minne, wote wakishauriwa pia kuhusu chakula na mazoezi, waliopewa dawa hiyo walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 37 kuliko waliopewa tembe bandia. Si haba. Ila mafuta yasiyosharabiwa lazima yatoke, na yanaweza kutoka bila kubisha hodi ukiwa katikati ya msongamano wa magari wa Thika Road. Ndiyo maana wengi huiacha.

Je, wewe msomaji ufanye nini na habari hizi za panya?

Jambo la kwanza, acha kuitegemea mizani peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya watu wazima nchini wana uzani uliozidi, na miongoni mwa wanawake karibu 4 kati ya 10. Hao wanajijua, wanaonekana. Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wale wenye miguu myembamba na kitambi kidogo kigumu, wanaojiambia kwamba kisukari ni cha wanene. Mafuta ya tumboni, yaliyozunguka na kuingia ini, ndiyo yanayofanana na yale ya panya wa Yale. Chukua utepe wa fundi cherehani, uzungushe tumbo katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, bila kujibana. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari huhesabu sentimita 94 kwenda juu kwa mwanamume, na 80 kwa mwanamke, kuwa ni dalili ya hatari. Vipimo hivyo vimeazimwa kutoka kwa watu wa Ulaya kwa sababu vya kwetu havijapatikana vya kutosha, lakini ni afadhali kuliko kukisia. Nashangaa kwamba zahanati zetu nyingi humpima kila mtu presha na uzani, na utepe wa bei ya soda haupo.

La pili ni kutembea, na hapa misuli inahitaji maelezo. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waligundua jambo lililowachanganya: wanariadha wa mbio ndefu walikuwa na mafuta mengi ndani ya misuli, mengi kama ya wagonjwa wa kisukari, na bado misuli yao iliisikiliza insulini vizuri sana. Tofauti ni kwamba kwa mwanariadha mafuta hayo yanaingia na kutoka kila siku. Kwa anayekaa ofisini tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja, kisha akakaa saa mbili garini, yameingia yakalala. Huhitaji kuhamia Iten. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu zaidi ya 3,200 waliokaribia kupata kisukari walifuatiliwa. Walioelekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzani na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, kama vile kutembea kwa haraka, walipunguza hatari kwa asilimia 58. Waliopewa metformini walipunguza kwa asilimia 31.

Na la tatu, kwa wale ambao tayari wameacha dawa kwa sababu ya kikopo. Rudini kliniki wiki hii, msingoje hadi kiu na kukojoa usiku kuzidi. Ombeni kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kwani kile cha kidole cha asubuhi moja kinaweza kukudanganya. Na kikopo chenyewe, msikifiche wala kukitupa kwa aibu. Kileteni, kwa sababu baadhi ya bidhaa za namna hii zimewahi kukutwa katika nchi mbalimbali zikiwa na dawa za hospitali zilizosagwa na kuchanganywa humo bila kutajwa, na daktari anahitaji kujua mlichokuwa mkimeza kabla hajaandika kipimo kipya.